Masika Katika Karakana

Jumanne, 20 Aprili 1965

Hakuna msichana mwingine. Naandika hilo kwanza, ili nikilisoma kesho niamini.

Nimefika leo alasiri nikiwa nimeloa chapachapa. Lori lilitutoa Kinango alfajiri, likakwama topeni kabla ya Kwale, tukashuka tukalisukuma, na pale Kombani nikapata basi la kuja huku Msambweni. Nilipouliza njia ya Chuo cha Ufundi cha Serikali, mama mmoja muuza mahamri alinitazama akasema, "Unampelekea nani chakula?" Sikumwelewa. Sasa namwelewa.

Wavulana walikuwa wamejikusanya barazani wakikwepa mvua. Waliponiona na sanduku langu walinyamaza wote, kama vifaranga vimeona kivuli cha mwewe. Mkuu wa chuo, Bwana Haji, ni mtu mpole mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini. Alichukua barua yangu, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Kahaso wa Rai ni nani yako? Kaka yako?"

"Kahaso ni mimi, Bwana Mkuu. Shikamoo."

Alisahau hata kuitikia. Aliketi. Kumbe karani huko Nairobi, asiyejua jina la Kiduruma lipi ni la kike na lipi la kiume, aliziona alama zangu za darasa la nane akaniweka useremala. Mimi nami nilipoomba ufundi nilidhani nitafundishwa cherehani.

"Chuo hiki ni cha wavulana," Bwana Haji akasema. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akafikiri, akasema haikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani kwamba itahitaji kuandikwa.

Angenirudisha kesho, lakini dereva wa basi amesema njia ya kupanda Kinango imekatika nyuma yetu. "Basi akae mpaka njia ifunguke," Bwana Haji akasema. Nimepewa kitanda nyumbani kwake. Mkewe, Bi Mishi, alinivua nguo mbichi kama mtoto mchanga, akanifunga leso kavu. "La haula," akawa anasema. "Mtoto wa kike, karakana! Dunia hii itatuonyesha mengi."



Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Njia haijafunguka.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 26 Aprili

Bwana Haji amechoka kuniona nikipepeta mchele na mkewe, akanipeleka karakana "nikatazame tu". Ni banda refu la mabati, meza za kazi pande zote, na harufu ya mbao iliyonilevya. Mwisho wa banda kuna msumeno wa mashine, sahani ya chuma yenye meno, unaozungushwa kwa ukanda na injini iliyoko nje. Ulipowashwa niliruka. Wavulana wakacheka.

Mwalimu wa useremala ni Fundi Mwero, mtu mfupi wa shingo nene. Hakuniuliza jina.

"Wewe msichana, usiguse kitu."

"Nifanye nini basi, Fundi?"

"Ukae."

Nilikaa mpaka nikachoka kukaa, nikashika ufagio. Huo hakuuzuia. Mvulana mmoja wa kwetu, Mwinga, akanipigia kelele, "Dada, kwenu hakuna uwanja wa kufagia mpaka uje pwani?" Nikamjibu kwa Kiduruma maneno ambayo sitayaandika hapa. Banda zima halikuelewa ila yeye, na yeye alikohoa kama aliyepaliwa.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua. Nafagia. Lakini leo kijana mmoja wa Jego, Zahoro, alikuwa akitaja kila chombo anachokishika, kwa sauti, bila kunitazama: randa, patasi, jiriwa, keekee. Mwanzo nilidhani ana wazimu. Kisha nikafahamu kwamba ananifundisha.

Mkono wake ni mzuri kuliko wa wote. Randa yake ikipita hukwangua utepe mmoja mrefu usiokatika, na Fundi Mwero, ambaye hasifu mtu, husimama kidogo nyuma yake kabla ya kuendelea.

Jumamosi, 8 Mei

Bi Mishi ameniandalia pweza. Nilimwona alivyokuwa kabla hajapikwa. Sisi kwetu tuna mbuzi, tuna ng'ombe, tuna mboga yetu chungu ya mtsunga, lakini kitu chenye miguu yote ile hatuna. Nimekula. Nimeshtuka kwa utamu wake kuliko nilivyoshtuka kwa sura yake.

Ijumaa, 14 Mei

Leo nimejitia aibu, au nimejikomboa, sijui.

Mwinga aliharibu mguu wa kiti, akautupa chini akasema kwa hasira, "Baba yangu alitaka niingie afisi. Uhuru umewapa wenzetu tai, sisi umetupa nyundo."

Nilidhani Fundi Mwero atampiga. Alizima taa ya kuchemshia gundi, akaegemea meza.

"Sikiliza, Mwinga. Mimi ufundi nimejifunza Mombasa, karakana ya bandarini. Fundi wangu kila akifika kwenye kipimo chenyewe alikuwa akinigeuzia mgongo. Kipimo alimwonyesha mtoto wa dada yake. Mimi nilikiiba kwa macho, miaka na miaka, kama mwizi. Ufundi ulikuwa mali ya nyumba. Baba yako ni mfugaji. Ungezaliwa mara saba usingeshika randa. Leo serikali imejenga banda, imepanga meza, imeniita mimi ikaniambia: fundisha yeyote atakayeletwa, usimgeuzie mgongo. Uhuru ninaoujua mimi ni huo. Tai utajinunulia mwenyewe."

 Ndipo nikasikia sauti ikisema, "Na mimi, Fundi? Mbona mimi wanigeuzia mgongo?"

Ilikuwa sauti yangu! Ufagio ulinianguka. Fundi Mwero alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu sana. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye mvua bila kofia. Aliporudi alisema, "Jumatatu uchukue randa. Na nywele uzifunge."

Jumatatu, 17 Mei

Nimeharibu mbao mbili. Viganja vimechunika. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumanne, 18 Mei

Bwana Haji ametukusanya. Siku ya Madaraka anakuja mgeni mkubwa kutoka Nairobi na wageni wengine kutoka Mombasa. Wazee wa huku wamepeleka maombi kwamba chuo kigeuzwe kiwe sekondari ya kawaida, kwa sababu hawataki watoto wao wafundishwe kazi za mikono kama wakati wa Mzungu. Mgeni atakuja kuangalia. "Tutamwonyesha madawati," Bwana Haji akasema, "madawati ya shule nzima, yaliyotengenezwa na mikono yenu. Hapo mtu aseme tena hiki si chuo."

 Nimemwona nyumbani akiomba baada ya swala, kichwa chini, na Bi Mishi ameniambia kwamba anakiombea chuo kama watu wanavyowaombea wagonjwa. Sijawahi kuishi na mtu mwema kama huyu.

Jumatatu, 24 Mei

Njia imefunguka. Lori la kwanza limeteremka kutoka Kinango leo, na mimi nikasubiri kuambiwa nifunge sanduku. Bwana Haji aliliona lori, akaniona mimi na randa yangu, akageuza uso. Anahitaji mikono.

Jioni nilikuwa nikifagia nyuma ya rundo la mbao, nikawasikia wawili wale. Hawakuniona.

"Fundi, kwa mwendo huu hatufiki Madaraka," Bwana Haji alisema.

"Mbao za miguu ni nene, Bwana Mkuu. Hazipiti chini ya kifuniko cha msumeno. Tunazipasua kwa mkono."

"Basi kitoe hicho kifuniko."

"Hakitolewi. Kile ndicho kinachozuia mkono usifike kwenye meno."

"Fundi Mwero, wakija wakakuta kazi nusu watasema watu wa pwani hata dawati hawalimalizi. Chuo kitaondoka. Mimi na wewe tutakuwa tumewafunga mlango watoto wa watoto wetu. Kitoe. Baada ya sherehe utakirudisha."

Nilingoja Fundi Mwero akatae. Huyu ni mtu asiyemtii hata mvua. Akatia mkono mfukoni, akatoa spana.

Nimeshangaa mpaka sasa.

Alhamisi, 27 Mei

Nitaiandika yote, nisije kesho nikaikumbuka vingine.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali, mabati yakifuka mvuke. Zahoro alikuwa akisukuma mbao kwenye msumeno, Mwinga yuko upande wa pili akizipokea, mimi nazipanga. Tulikuwa tumeingia mdundo: asukume, avute, nipange. Zahoro hakuwa akicheza. Naandika hilo tena: hakuwa akicheza. Hakuwa hata akizungumza.

Kisha sauti ya msumeno ikabadilika. Ilikuwa ikiimba, ikaanza kulia. Fundi Mwero, aliyekuwa mbali, aliinua kichwa akapiga kelele, "Achia!" Pengine mbao ilikuwa na fundo ndani. Iliruka kama mbuzi aliyechomwa, na mkono wa Zahoro, uliokuwa ukiikandamiza, ukaenda mbele mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuuzuia.

Zahoro hakupiga ukelele. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha mwenziwe. Damu ilikuwa kwenye mbao, kwenye shati la Mwinga, kwenye uso wangu, nayo ilikuwa ya moto. Mwinga alitapika papo hapo. Wengine walikimbilia nje. Mimi sikumbuki kufikiri. Nilivua leso niliyojifunga kiunoni nikamfunga juu ya kifundo cha mkono, nikasokota kwa mpini wa nyundo, nikasokota mpaka akalia. Nilimwona baba akimfunga hivyo ndama aliyeraruliwa na fisi. Nikauinua mkono juu ya kichwa chake, nikaukumbatia.

Injini ilizimwa. Kimya. Nikamtafuta Fundi Mwero atuongoze, nikamwona amepiga magoti chini ya mashine, anachakurachakura kwenye vumbi la mbao. Nilidhani amerukwa na akili. Ndipo nilipofahamu anatafuta nini.

Ee Mungu. Alikuwa akitafuta vidole.

Bwana Haji alileta Landrova. Tulipanda nyuma mimi na Zahoro, na Fundi Mwero akakaa sakafuni, mikono yake imefumbata kitambaa. Njia nzima maji yalikuwa yakituruka madirishani, na Bwana Haji akisoma dua kwa sauti kubwa. Zahoro alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Karibu na hospitali alifumbua macho akaniuliza, "Dada, ile mbao imeharibika?"

Nikamwambia haikuharibika.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda, na cha tatu daktari amesema hakitakunjika tena. Mkono wa kulia. Ule uliokuwa ukitoa utepe usiokatika.

Bi Mishi ameniogesha. Maji yalikuwa mekundu, kisha mekundu kidogo, kisha meupe, na bado nikamwambia aendelee kumwaga.

Ijumaa, 28 Mei

Siwezi.

Jumanne, 1 Juni. Madaraka

Mgeni amekuja. Ameketi kwenye dawati letu, akalitikisa, likakataa kutikisika, akafurahi. Kumekuwa na ngoma na bendera. Hakuna aliyemwambia. Karakana ilikuwa imefagiliwa, na kifuniko kimerudishwa mahali pake, kimepakwa rangi mpya ya kijani.

Mimi nilikuwa nimefichwa jikoni, nisije nikaulizwa mimi ni nani.

Alhamisi, 3 Juni

Baada ya chai Bwana Haji aliniita barazani. Alinikaribisha kiti cha mgeni.

"Kahaso, mwanangu. Habari ya ajali imefika Mombasa. Jumatano anakuja mkaguzi. Atakuuliza, maana ulikuwa karibu." Alikuwa akizungusha kikombe chake. "Utamwambia Zahoro alikuwa akitaniana na wenzake."

"Hakuwa akitaniana."

"Najua."

Nilimtazama. Alisema "najua" kwa upole uleule anaosalimia nao watu.

"Wazee wanatafuta sababu," akasema. "Wakisikia kwamba kifuniko kilitolewa, watasema mashine za serikali zinakula watoto wao, na chuo kitafungwa. Zahoro vidole vyake havitarudi kwa kweli wala kwa uongo. Lakini fikiria watakaokuja. Fikiria na nafasi yako. Mimi naweza kukuandika mwanafunzi halali, ukae mpaka upate cheti. Mwenzangu atakayekuja baada yangu hawezi."

Hakunitisha. Angenitisha ingekuwa rahisi. Alikuwa na machozi machoni, na nadhani alikuwa akiamini kila neno.

Huyu ndiye niliyemwandika humu kuwa sijawahi kuishi na mtu mwema kama yeye. Sikulifuta. Sijui niweke nini mahali pake.

Jumapili, 6 Juni

Baba amekuja! Habari zimemfikia kwamba mashine imekata mtoto chuoni, akapanda lori bila kuaga mtu. Alinishika mikono, akavihesabu vidole vyangu kimoja kimoja kama anavyohesabu mbuzi jioni, kisha akaketi kwenye ngazi akafunika uso.

Nilidhani sasa atawaona wavulana, atajua, na yatakuwa makubwa. Nikaanza mwenyewe, "Baba, kuna jambo sikukuandikia. Huku hakuna wasichana wengine. Walikosea jina."

"Najua," akasema baba.

Hii "najua" ya watu wazima itaniua.

"Mwalimu wako aliponisomea ile barua aliniambia, Rai, hawa wamekosea, huko ni kwa wavulana. Nikamwambia, mtoto asijue."

"Baba! Kwa nini?"

"Mimi Mungu amenipa ng'ombe na mabinti. Kila mlango wa zizi ukivunjika namfuata fundi hadi Mazeras, anakuja akipenda. Serikali imeniandikia kwa mkono wake kwamba Kahaso afundishwe useremala. Mimi nani niisahihishe serikali?" Akacheka kidogo, mtu yule asiyecheka. Mimi nilibaki mdomo wazi. Masika yote haya nilikuwa nikimficha siri ambayo yeye ndiye aliyenificha.

Nikamweleza kuhusu kifuniko na maneno ya Bwana Haji. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza nifanye nini.

"Mimi niliponyamaza hakuna aliyekatika kidole," akasema. "Zaidi ya hapo sijui, mwanangu."

Akapanda lori la alasiri. Ng'ombe hawangoji.

Jumatano, 9 Juni

Mkaguzi ni mtu wa bara, mrefu, mwenye miwani. Aliketi nyuma ya moja ya madawati yetu ndani ya karakana, karibu na mashine yenyewe. Bwana Haji kulia kwake, Fundi Mwero amesimama kushoto. Pembeni ameketi mama aliyevaa buibui, mikono juu ya magoti: Mwanafatuma, mamake Zahoro, ametoka Jego.  Alikuwa akiitazama ile sahani ya meno.

Mwinga aliulizwa wa kwanza. Alisema hakuona vizuri. Wengine wakasema Zahoro hupenda mzaha. Kila mmoja aliposema hivyo mamake aligeuza kichwa akamtazama aliyesema, polepole, kisha akarudi kuitazama mashine.

"Kahaso wa Rai," mkaguzi akaita, akiangaza wavulana.

"Mimi, bwana."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sasa nimeuzoea mshangao huo wa jina langu. Akaniuliza nilichokiona. Bwana Haji alinitazama kwa macho yale ya huruma. Nikamtazama mama wa buibui.

Nikasema, "Zahoro hakuwa akicheza. Kifuniko hakikuwapo. Jumatatu ile Bwana Mkuu alimwambia Fundi akitoe ili madawati yaishe upesi. Fundi alikataa, kisha akakitoa. Nilisikia kwa masikio yangu."

Bwana Haji akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto huyu hakusikia vyema. Kulikuwa na mvua."

"Haikunyesha jioni ile," nikasema.

Mkaguzi akamgeukia Fundi Mwero. Nikafumba macho. Nilijua nimemmaliza: mtu aliyenipa randa, mtu wa pekee niliyetaka anione na kazi iliyonyooka. Nilingoja aniite mwongo. Alikuwa na haki ya kujitetea, na neno lake na la Mkuu yangeweza kulizika langu.

"Msichana anasema kweli," Fundi Mwero akasema. "Mkuu aliniambia. Lakini Mkuu hajui mashine, mimi naijua. Aliyeshika spana ni mimi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa shingo ile. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Mwanafatuma, pale pale kwenye vumbi la mbao.  Yule mama alivuta buibui lake lisimguse.

Jioni

Nimefunga sanduku langu. Nilidhani Bi Mishi ataniwekea nje. Ameniita chakulani kama kila siku, akapakua wali, akaketi mbele yangu.

"Bi Mishi, nimemharibia mumeo."

"Mume wangu ni mume wangu," akasema, "na kweli ni kweli. Mimi nitalala na vyote viwili. Wewe kula."

Akaweka kipande kikubwa cha samaki upande wangu. Sikuweza kukimeza, nikakimeza.

Jumatatu, 14 Juni

Uamuzi umekuja. Chuo hakifungwi. Mashine imefungwa mnyororo mpaka atakapokuja mtu wa kuikagua, na kazi zote ni za mkono. Bwana Haji anahamishiwa afisi Mombasa. Fundi Mwero ameachishwa kazi.

Mkaguzi aliuliza pia kuhusu mimi. Mwinga alikuwa akipita na maji, amenisimulia.

"Nani aliyemruhusu msichana huyu?"

"Hakuna," akajibiwa.

"Nani aliyemkataza?"

"Hakuna."

"Basi aendelee mpaka atakapokatazwa."

Mwinga alinieleza huku akicheka, kisha akaacha kucheka akatazama chini. "Mimi niliona vizuri," akasema. "Nilikuwa karibu kuliko wewe."  Nimemsaidia kubeba maji.

Jumatano, 16 Juni

Fundi Mwero ameondoka. Vyombo vyake vyote viliingia kwenye gunia moja. Nilimsubiri langoni.

"Fundi, nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa kuwa una masikio?"

"Chuo kimepoteza mwalimu kwa sababu yangu."

Aliliweka gunia chini. "Sikiliza. Nilipoambiwa nikitoe kifuniko, nilijua. Mkono wangu ulijua. Lakini nimekua nikiambiwa 'fanya' na mtu mwenye afisi, nami nafanya. Nikadhani nimetoka huko kwa kuwa Mzungu ameondoka. Kumbe nilikuwa nimetoka nako." Akanitazama kiwiko, kwa mazoea ya kunikagua nikipiga randa. "Siku moja nawe utaambiwa ukitoe. Aliyekuambia atakuwa mtu mzuri, tena mwenye sababu nzuri. Ukatae kabla hujatia mkono mfukoni."

Alijitwika gunia akashika njia ya Lunga Lunga. Wanasema ana ndugu Tanga. Sikujua kwamba nitalia njiani kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kulitaja jina langu.

Alhamisi, 24 Juni

Manyunyu. Hakuna mwalimu. Mwinga anatusomesha alichokumbuka, nasi tunabishana.

Jumatatu, 5 Julai

Zahoro amerudi.

Ameletwa na mamake. Mkono umefungwa kitambaa cheupe, nao ni mdogo, mdogo kuliko nilivyouwaza. Wavulana walimzunguka, wakampigia makofi, kisha hawakujua wafanye nini tena na mikono yao yenye vidole. Mimi nilimkimbilia.

"Pole, Zahoro. Karibu."

"Fundi yuko wapi?"

Kumbe hakuambiwa. Nikamwambia. Uso wake ulijifunga kama mlango.

"Ungenyamaza," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Ungenyamaza, dada. Vidole ni vyangu, na mimi sikumshitaki. Yule ndiye angenifundisha kutumia huu uliobaki. Sasa nani atanifundisha? Wewe?"

Akanipita. Nilisimama pale kama nguzo. Nimesema kweli kwa ajili yake, nikadhani nimempa kitu, kumbe nimemwondolea.

Mamake alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Aliniita pembeni.

"Wewe ndiye uliyemfunga mwanangu mkono?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Daktari alisema ni leso ile iliyomweka hai." Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Yeye ana hasira na kila mwenye vidole. Na mimi pia nina hasira, na fundi yule, na mkuu yule, na serikali iliyoleta kile kidude. Nilitaka nimrudishe Jego. Amekataa. Anasema kwetu hakuna wa kumfundisha ila huku." Akafunga buibui lake. "Kwa hiyo nimemleta tena palepale palipomla. Wewe uliona mama gani akifanya hivi?"

 Alinigusa bega, akaondoka.

Alhamisi, 8 Julai

Zahoro anajaribu randa kwa mkono wa kushoto. Anaharibu. Hasemi na mtu. Mimi hanitazami.

Jumanne, 13 Julai

Jana wavulana walikuwa bado wamelegea kwa Maulidi, leo tumerudi kazini. Mvua imekwisha kabisa. Barua imefika kwamba mwalimu mpya wa useremala atakuja muhula ujao.

Nilikuwa nikichonga fremu ya mlango karibu na dirisha. Zahoro alikuwa meza ya pili, na mbao yake haitulii kwenye jiriwa. Kila akisukuma kwa kushoto, inamponyoka, na ule mkono wa kulia hauwezi kuikandamiza. Alijaribu. Akajaribu tena. Mbao ikaanguka, nayo ikapiga kelele karakana nzima, na kila mtu akashughulika sana na kazi yake.

Aliiokota. Akakaa nayo. Kisha bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayelazimika kumeza mfupa, akasema, "Kahaso."

Ni mara ya kwanza ndani ya banda hili kuitwa jina langu na mtu anayelijua kuwa ni langu. Niliweka patasi chini.

"Shika hapo," akasema.

Nikashika. Akasukuma. Randa ilikwama, ikang'ata, ikatoa vipande vifupi vibaya vya kuchekesha. Hakuna aliyecheka. "Usilegeze," akasema. Sikulegeza. Akasukuma tena.